Nusu Mzunguko wa Nati

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata punje moja ya chumvi, basi kahawa yangu yote ya msimu huu igome kukauka, iote ukungu juani, na majirani waje kuitazama. Naapa mapema kwa sababu hapa Mbinga nimepewa sifa ambayo sikuiomba. Watu wanadai niliwahi kusema kwamba nilitengeneza redio ya mtu wa Litumbandyosi ikawa inasoma habari za kesho yake. Sikusema hivyo. Nilisema ilikuwa inasoma za jioni, asubuhi.

Jina langu Nathanieli. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kahawa. Umeme nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu vya watu na kuvifunga kabla hawajarudi. Sasa nimestaafu, mke wangu alitangulia zamani, watoto wako mbali, na muda ninao. Ndiyo maana gari la marehemu Frederick liliposumbua, mjane wake aliagiza niitwe mimi.

Frederick alikuwa mnunuzi wa kahawa na rafiki yangu wa tangu ujana. Gari lile alilipata kwa kubadilishana na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao: yeye alitoa pikapu nzima yenye afya, akapokea kigari chekundu cha mbio, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, kimo cha mbuzi. Mbinga nzima ilicheka wiki mbili. Wakati huo barabara ya kushuka ziwani ilikuwa mawe na matope, na gari lile lilikuwa likikutana na kokoto linalalia tumbo. Frederick akaliingiza bandani, akalifunika turubai, akasema atasubiri lami.

Alisubiri miaka ishirini na mitatu. Kila walipopita wapimaji wa barabara na vyombo vyao, alilifunua, akaliwasha, akamwita mkewe: "Tereza, jiandae. Tutashuka Mbamba Bay bila kusimama hata mara moja. Kitambaa chako cha kichwa kitafika kesho yake." Lami ilikuja kweli. Ilimkosa Frederick kwa miezi minne.

Sasa Tereza. Ni nesi mstaafu, mwanamke wa maneno machache, mwenye macho ya kusoma kipimajoto kutoka mlangoni. Mimi namwita Shemeji, naye ananiita Shemeji, kama inavyopasa mtu na mke wa rafiki yake. Kabla hajawa shemeji yangu lakini, mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Frederick alinituma kwao nikaseme maneno kwa niaba yake, nami nikamsifu mwenzangu kwa ufasaha ule niliojaliwa, mpaka baba yake Tereza akalainika, na nikirudi njiani nikajiuliza kwa nini sikusema kidogo vibaya. Wakati huo sisi wawili tulikuwa tumemwona Tereza siku moja, kwenye foleni moja ya zahanati. Frederick ndiye aliyewahi kufungua mdomo. Hilo sijamwambia mtu. Naliandika hapa kwa sababu nimeapa kusema kweli.

Nilipofika kwake, Jumatatu baada ya Jumatano ya Majivu, alinikuta namzunguka yule mgonjwa mwekundu bandani.

"Shemeji," akasema, "mwanangu Victor anakuja Pasaka. Anataka nikaishi kwake Dodoma. Nimekubali. Gari nalo atalichukua, tutaondoka nalo."

"Dodoma kuna vumbi, Shemeji."

"Na huku kuna matope. Sikukuitia hali ya hewa. Kabla sijaondoka nataka nishuke nalo ziwani mara moja, bila kusimama, kama alivyoniahidi. Mara moja tu. Lakini linakata moto njiani. Linazima, linakaa, halafu linawaka kama halijafanya kitu. Mafundi watatu wameliona. Kila wakija ni zima."

Umeelewa jambo lilipo, msomaji. Likipona, anapata ziwa lake. Likipona, anaondoka.

Nilianza kwa unyofu, hilo nalisema bila kigugumizi. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio mgumu kuliko yote. Waya uliokatika umekatika, unauona. Lakini hitilafu inayojificha ina akili ya mwizi wa kuku: ukiamka na tochi, kimya. Nilitengeneza taa yangu ya kupimia kwa balbu ya pikipiki na nyaya mbili, nikapima fyuzi zote, nikapima swichi, nikatikisa kila waya chini ya dashibodi injini ikiwa inanguruma. Halikuzima. Nikaambiwa na wapita njia kwamba ni mvua za Machi, unyevu umeingia kwenye koili inayotoa cheche za kuwashia injini. Nikaenda kwa Safina, mwenye duka la vipuri karibu na stendi.

"Shikamoo, babu. Koili ya gari gani?"

"La marehemu Frederick."

"Lile la kuvaa, sio la kupanda?" Akacheka, akatafuta rafu za nyuma. "Hii inaweza kukubali. Lakini babu, koili ikichoka huzima likiwa na joto. Muulize mwenyewe linazimia wapi, usiniulize mimi."

Maneno ya Safina yakanikaa. Niliporudi nikamuuliza Tereza. Akafikiri kidogo. "Kwenye kona," akasema. "Za kushoto."

Hapo nikamwambia kwamba gari la namna hii halitibiwi bandani, linatibiwa barabarani. Ilikuwa kweli, na mpaka hapo nilikuwa fundi safi. Jumamosi ile ya kwanza tukaingia, yeye kwenye usukani, mimi pembeni magoti yakigusa kidevu. Tulikaa chini sana mpaka mbuzi wa njiani wakawa wanatutazama kwa huruma. Kona ya kwanza ya kulia, salama. Ya pili ya kulia, salama. Ya kwanza ya kushoto, kali, kimya kikatushukia ghafla, tukabaki tunasikia matairi na upepo. Tereza akalisogeza pembeni taratibu, bila kelele, kama anayemlaza mgonjwa.

"Shemeji, usizime swichi," nikasema.

Nikatazama. Waipa zilikuwa zinapiga. Taa zilikuwa zinawaka. Injini tu ndiyo imekufa. Akajaribu kuiwasha, ikawaka mara moja. Tukageuza, tukarudi, na kona zile zile zikiwa za kulia sasa hazikutusumbua. Za kushoto za kurudi zilituzimisha mara mbili.

Wiki nzima nililala na jambo lile. Jumamosi ya pili, tulipozima kwenye kona, nilinyoosha mkono kuchezea kitasa cha choki, kile cha kuvuta injini ikiwa baridi, nikaurudisha haraka. Kilikuwa cha moto. Kebo yake nzima, kile kiwaya chembamba cha kuvuta tu, ilikuwa inachemka kama mpini wa sufuria.

Nani aliniona nikitabasamu? Tereza aliniona.

"Umepata?"

"Bado," nikasema. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulitoka mwenyewe.

Nilikuwa nimepata. Nieleze kwa lugha yetu. Umeme kwenye gari huenda kwa waya, lakini hurudi kwa mwili wa gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanaiita ethi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima iunganishwe na bodi kwa utepe wa nyuzi za shaba, umefungwa kwa nati moja. Ile nati ikiwa mbovu, umeme hufanya kama maji ya mvua kwenye ngolo, vishimo vyetu vya mashamba ya mtelemko: ukiziba shimo moja, yanatafuta jingine. Ulikuwa umeamua kurudi kwa kebo ya choki, maskini, isiyoweza kazi hiyo. Na kwa nini kona za kushoto? Kwa sababu injini ikiegemea upande ule huvuta utepe, mguso unapotea kabisa.

Tuliporudi bandani niliomba kubaki dakika chache. Nikafungua nati. Chini yake palikuwa na rangi nyekundu inayong'aa, nzito kama ulimi. Nikakumbuka. Wakati wa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, ndugu walipaka chokaa kaburi, wakapaka nyumba, na kwa kuwa Frederick alilipenda gari kuliko nyumba, wakalipaka na gari. Wakalipaka kote. Walifungua kila kilichofunguka, wakapaka hata pale pasipotakiwa rangi, wakafunga juu yake. Hakuna fundi wa mji mwingine angeota jambo kama hilo. Kosa la kupenda mno.

Nikakwangua kwa kisu changu mpaka chuma kikaonekana, nikafunga, nikakaza. Gari lilikuwa limepona. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, nilitakiwa niite tu. Nilisikia Tereza ndani ya nyumba anahamisha vyombo, anavifunga kwenye magazeti kwa ajili ya Dodoma. Kila sahani ilikuwa na sauti yake.

Nikachukua spana, nikalegeza nati nusu mzunguko.

Tangu hapo ikawa hivi. Jumamosi asubuhi nafika mapema "kukagua", nalegeza nusu mzunguko. Jioni tukirudi nakaza, maana sikutaka azimikiwe njiani siku nisipokuwepo. Mhuni mimi, muuaji siyo. Kisha namwambia, kwa uso wa daktari, kwamba tumeikaribia. Nilizua magonjwa ambayo hayajawahi kulipata gari lolote. Nilimwambia kuna umeme mvivu, ambao hupanda mlima vizuri lakini huogopa kushuka. Nilimwambia nilishaona gari Liparamba lililokuwa linazima kila likisikia simba, na tiba yake ikawa kuziba honi kwa pamba.

"Honi ndiyo ilikuwa inasikia?" akauliza.

"Ndiyo sikio la gari, Shemeji."

"Kumbe." Akashika usukani, akatazama mbele. Alikuwa na namna ya kusema kumbe iliyokuwa inakuacha uchi.

Tulikuwa tukizimikiwa, tunakaa. Yeye anatoa chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, kwa kuwa ni Kwaresima, na tunakula miguu ikiwa nje, mlango mmoja huku mmoja kule. Jumamosi ya tatu tulizima mahali ambapo miti inafunguka na ziwa linaonekana chini mbali, jeupe kama bati jipya, na milima ya Malawi nyuma yake imepauka. Tukalitazama. Akaniambia kwamba Frederick alikuwa akikoroma kwa herufi, kwamba anaweza kuapa alimsikia akikoroma jina la kampuni ya matairi. Tukacheka. Kisha akasema, "Unajua kinachoniuma? Si kwamba alikufa. Watu wanakufa, nimewafunga macho wengi. Ni kwamba alikuwa ameshapiga pasi shati la kwenda nalo."

Nikashuka nikafungua boneti, nikaitazama ile nati kama ndiyo iliyoniudhi.

Jumamosi ya tano ilikuwa mkesha wa Matawi. Nilifika mapema, banda lilikuwa na giza la mawingu. Nikaingiza mkono, nikalegeza, nikajifuta kwenye suruali, tukaondoka. Tulifika pale penye ziwa, kona ikaja, kimya kikaja. Akasogea pembeni, akavuta breki.

"Shemeji, nipe mkono."

Naomba mniamini tena: moyo wangu uliruka ukagonga dashibodi. Miaka arobaini na tano tangu foleni ile ya zahanati. Nikampa mkono wa kulia. Akaushika kwa vidole viwili pale penye mapigo, akatazama saa yake, kama anavyofanya mtu wa zahanati, akahesabu. Kisha akaugeuza kiganja juu.

Vidole vitatu vilikuwa zambarau. Zambarau ya ile dawa ya vidonda ambayo kila mtoto wa nchi hii amewahi kupakwa mdomoni.

"Hii nini?"

"Zambarau," nikasema. "Nilikula asubuhi."

"Mwezi wa tatu?"

"Kuna mti mmoja kule Tingi, Shemeji, huo hauna kalenda..."

"Nathanieli."

Hakuwahi kuniita jina hilo tangu siku niliyokwenda kwao kumsemea mwenzangu.

"Nilichanganya dawa na mafuta ya mgando," akasema, bado ameshika mkono. "Nikapaka nyuma ya nati ile unayokaa unaitazama kila tukizima. Jumatano nilitoka na gari peke yangu. Nikashuka mpaka hapa tulipo, kona zote, kushoto na kulia. Halikukohoa. Nikageuza nikarudi nyumbani. Miaka thelathini na sita ya uuguzi sijaona mgonjwa anayeugua Jumamosi tu, tena akiwepo mtu mmoja tu."

"Ulikuwa umefika hapa," nikasema. "Kwa nini hukuendelea mpaka ziwani?"

Akaachia mkono wangu. Gari moja likatupita likipiga honi ya salamu.

"Sikutaka kufika peke yangu," akasema. "Zile Jumamosi zilikuwa zangu pia. Ungeniomba tu. Ungesema, Tereza, twende tukakae kando ya barabara tule viazi. Ningekuja. Badala yake ukaniibia safari yangu kwa spana."

Sina la kuongeza hapo wala la kupunguza. Nimejaribu mara nyingi kuipamba sehemu hiyo nikiwasimulia watu, inakataa.

"Kaza," akasema.

Nikashuka. Nikafungua nati yote, nikatoa kisu, nikakwangua tena, chuma kikawa cheupe kama jino, nikapaka grisi pembeni, nikafunga, nikakaza mpaka spana ikagoma. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na kila mzunguko nilijua unampeleka wapi. Nikaketi. Nikafunga mlango. Tukashuka.

Halikuzima. Kona za kushoto zikapita kama kurasa. Joto la ziwa likatupokea, likaja na harufu ya usipa walioanikwa, tukapita nyumba za Mbamba Bay watu wakitugeukia, akalipeleka mpaka pale mchanga unapoanza. Akazima yeye mwenyewe kwa ufunguo. Akavua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo, akasimama hapo na kitambaa chake kichwani kikiwa kimefika pamoja naye. Mimi nilibaki garini. Kiti kile hakikuwa changu, na siku hiyo nilikijua hivyo kuliko siku zote.

Aliporudi, macho yake yalikuwa yamekauka, nami nikamweleza yote tangu Jumamosi ile ya pili. "Sasa faini," akasema.

Hapa kwetu Umatengoni, asiyejua aambiwe: mtelemko hatulimi ovyo. Wanaume hufyeka majani, wanayalaza katika miraba, kama mtu aliyechora dirisha kubwa mlimani. Kisha wanawake huja na majembe, wanachimba katikati ya mraba na kufukia majani kwa udongo, kinabaki kishimo cha kushika mvua. Hiyo ndiyo ngolo. Mwanamume kufukia ngolo, mbele ya watu, ni sawa na kuvaa gauni kwenda kanisani. Hakuna sheria inayokataza. Kuna wanawake tu.

"Shamba langu la mtelemko wa barabarani limeshalazwa majani," Tereza akasema. "Umeniibia Jumamosi tatu, kwa maana ile ya pili ulitibu kabla hujaharibu. Hapana, nne. Ile ya pili ndiyo uliyoanza kunidanganya. Utafukia Jumamosi nne, mchana kweupe, jembe mkononi. Na utapanda maharage."

"Na nani atayavuna?"

"Wewe panda."

Victor alikuja Ijumaa Kuu, kijana mrefu mwenye shingo ya baba yake, akaniamkia shikamoo kwa heshima, akanishukuru kwa kulitibu gari. Nilipokea shukrani zile kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebe. Jumatatu ya Pasaka wakapakia. Tereza alinipa mkono, mkono wa kawaida wa kuagana, akaniambia niangalie mgongo nikiwa nalima. Gari likawaka kwa kuguswa mara moja. Nililisikiliza likipanda, nikasubiri lizime. Mimi, fundi wake, nilisimama barabarani nikiomba kazi yangu iwe mbovu. Lilipanda mpaka likawa mlio wa nyuki, kisha hata nyuki hakuwepo.

Jumamosi nikaenda shambani. Nilidhani nimewahi. Nikawakuta akina mama sita wameketi kwenye ukingo wa barabara, na Rosa, jirani yake Tereza, katikati yao akimenya ndizi kwa utulivu wa mtu aliyekata tiketi.

"Babu Nathanieli, karibu," akasema. "Mama Victor ameniachia niwe msimamizi. Nasikia ni umeme mvivu umekuleta huku."

"Nimekuja kwa hiari yangu, Rosa. Daktari wa Peramiho alisema udongo ni mzuri kwa viungo."

"Daktari gani?"

Nikashika jembe. Nikachimba mraba wa kwanza, nikatupia udongo juu ya majani, nikachimba wa pili. Mgongo ulianza kulalamika kwenye wa nne. Kwenye wa saba Rosa akashuka, akaninong'oneza kwamba majani yanatokeza, maharage hayataota hapo, niyafukie vizuri, niyafunike mpaka yasionekane kabisa. Nikarudia mraba wa kwanza.